Nani Atalia Tukimchomoa Bi Mkubwa

Kwenye skrini palijaa maandishi meupe juu ya weusi, na katikati yake namba moja ikanishika macho: 2,109.

"Hiyo ni nini?" nikamuuliza mpwa wangu.

"Siku," akasema bila kugeuka. "Siku ambazo mashine hii haijazimwa hata mara moja."

Nikapiga hesabu kwa vidole. Karibu miaka sita. Mimi katika miaka sita hiyo nimelala miji kumi na mmoja, nimepaka rangi madaraja, nimeuza viatu, nimepikia kambi ya wachimba mitaro, nimeugua mara mbili nikapona mara mbili. Na muda wote huo mashine hii imekaa humu ndani ya kabati la chuma, feni inazunguka, haijapepesa jicho.

"Sasa inafanya kazi gani?"

Hapo ndipo alipogeuka. "Mjomba, swali lako hilo ndilo litakalonila kichwa. Hakuna anayejua."

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ndiye msimamizi wa seva za hospitali. Wauguzi wanamwita Mama Seva, ingawa hajazaa wala hana haraka. Nilifika kwake kukaa wiki mbili, na Jumamosi hiyo ninayoisimulia nilikuwa naingia mwezi wa nne. Hakunifukuza. Ila alisema maswali yangu ya jioni yanamchosha kuliko kazi yenyewe, kwa hiyo ni afadhali nije nione kwa macho yangu, nimalize.

Seva, kwa mtu aliyekuwa gizani kama mimi, ni kompyuta isiyokaliwa na mtu. Haina kiti mbele yake. Kazi yake ni kuzihudumia zile zenye viti: hii inatunza majina ya wagonjwa, ile inatunza picha za mifupa, nyingine dawa. Hospitali ilikuwa nazo kumi na nne, zimelala moja juu ya nyingine kama droo za kabati la nguo, zinavuma, na chumba chenyewe kina ubaridi wa kukufanya ukumbuke sweta uliyoigawa.

Nilikuwa nadhani programu ni kitu kama nyundo. Umenunua, umenunua, unagonga mpaka ufe. Kumbe ni kama suruali yangu ya kazini, hakuna mwezi usiotaka sindano. Wenye kuitengeneza wanagundua tundu, wanatoa kiraka, wanakutumia. Usipokiweka, wezi wanaopita usiku na mchana wakijaribu vitasa vya dunia nzima watalipata tundu lako. Ukikiweka, mara nyingi lazima uizime mashine na kuiwasha upya, na hapo ndipo penye kazi, maana kuna mashine ukiizima haiamki kama ilivyolala.

Miezi mitatu nyuma mpwa wangu alikuwa ameweka kiraka kwenye seva ya dawa, ikagoma kuamka. Foleni ya wagonjwa wenye vyeti mkononi ilitoka dirisha la dawa, ikapinda kona, ikafika getini. Nusu siku nzima. Mkurugenzi akamwandikia barua, na mstari wa mwisho ulisema likitokea jambo jingine la namna hiyo, ajira yake itakoma. Barua hiyo anaiweka nyumbani, kwenye droo ya vijiko. Nilimuuliza kwa nini huko. Akasema ili kila asubuhi akikoroga chai aione.

Sasa ulikuwa umetoka waraka. Tundu kubwa limegunduliwa, kila seva iwekewe kiraka au ichomolewe kabisa, wakaguzi wanakuja Jumatatu. Seva kumi na tatu alikuwa amezimaliza. Ilibaki moja, ile yenye namba kumi na mbili, ambayo mafundi waliipa jina Bi Mkubwa, kwa sababu imezitangulia zote na hakuna aliyethubutu kuisumbua. Aliyeifunga aliacha kazi bila kuandika hata mstari mmoja. Namba yake ya simu siku hizi inapokelewa na mchomelea vyuma, mtu mwema, amekwisha choshwa na watu wa hospitali.

"Kwa hiyo," mpwa wangu akasema, "leo tunafanya kipimo cha kilio."

Nilidhani anatania. Fundi Nyaya ndiye aliyenieleza. Huyu ni mwenzake, mwanamume mfupi mwenye mdomo mrefu, mifuko yote ya suruali imejaa vifungio vya plastiki.

"Mjomba, wewe umekuta kitu kwenye nyumba ya kupanga, hujui cha nani. Utafanyaje? Unakificha. Halafu unakaa kimya, unasikiliza nani anakuja analia kwamba kitu chake kimepotea. Basi na sisi tunamchomoa Bi Mkubwa kwenye mtandao saa moja. Maabara wakilia, ni wa maabara. Mapokezi wakilia, ni wa mapokezi."

"Na asipolia mtu?"

"Basi Bi Mkubwa anakula umeme wa bure miaka sita. Tunamzima, tunampeleka stoo, Mama Seva huyu hapa anaandika ripoti, Jumatatu tunakunywa chai na wakaguzi."

Nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu. "Nikimwekea kiraka bila kujua kazi yake," akasema, "nitamwasha upya nikiwa nimefumba macho. Kikifa kitu, nimekwisha. Nikimchomoa na hana kazi, nimepona. Lakini lazima nijue, mjomba. Mwenyewe unazunguka tangu nikiwa mtoto. Miguu yako haitulii. Leo naipa kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka jengo zima, idara kwa idara, kuuliza kama kuna kilichokwama. Simu wangeweza kupiga, lakini watu kwenye simu husema "kila kitu sawa" ili wakate. Nikavishwa kitambulisho cha mgeni. Walikuwa wamepewa dirisha la kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi. Wanauita dirisha ule muda wanaoruhusiwa kugusa mashine. Mimi nilikuwa nimekwisha zungusha macho ukutani, sikuona hata tundu la panya.

Bi Mkubwa alikuwa na kebo mbili mgongoni. Ya njano ilikuwa ya mpwa wangu peke yake, humo ndimo anamoingilia, anatazama ndani, anapeleka viraka. Ya bluu ndiyo iliyomuunganisha na hospitali nzima. Saa saba kamili Fundi Nyaya akabana kilimi cha ile ya bluu, ikatoka na mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti. Akatafuta pa kuning'iniza ncha. Kofia yangu ya sufu nilikuwa nimeitundika kwenye mpini wa mlango wa kabati. Akaisokomeza ncha humo ndani.

"Kofia ya mjomba imchungie," akasema. "Haya, baba, nenda ukasikilize msiba."

Nikaanza mapokezi. Dada wa mapokezi alikuwa anaandika jina la mtoto mwenye kikohozi.

"Kuna kitu kimekwama hapo?"

"Kimekwama tangu niajiriwe," akasema. "Lakini leo si zaidi ya jana."

Maabara, kijana wa darubini alinijibu kwa kidole gumba bila kuinua jicho. Kwenye picha za mifupa, mpiga picha alinionyesha mkono wa mtu uliovunjika mahali pawili, mng'avu kabisa, unakuja kwenye skrini upesi kuliko kawaida. Nilisimama pale kuliko nilivyotakiwa. Nilikuwa sijui kifundo cha mkono kina vijifupa vingi kiasi kile, kama kokoto mfukoni. Dawa walikuwa wanatoa dawa. Wodi ya wazazi walikuwa na shughuli zao, na wakanifukuza. Chumba cha maiti nilichungulia tu, mlinzi akaniuliza, "Umempoteza nani?" nikamwambia seva, akasema hapa hajaletwa.

Dakika arobaini zilikuwa zimekatika na sijapata hata chozi moja. Nilikuwa narudi zangu nilipouona mlango mwishoni mwa korido ya nyuma, karibu na jenereta. Mlango mnene wa chuma, uko nusu wazi, umewekewa tofali lisifunge. Kutoka humo ulikuwa unatoka moshi mwembamba wa baridi unaotambaa sakafuni. Hapakuwa kwenye orodha niliyopewa. Pasingekuwa na moshi ule labda ningepita.

Ndani nikamkuta mama mmoja wa makamo, koti zito juu ya sare, skafu mpaka puani, anahesabu visanduku na kunong'ona namba. Huyu ndiye mtunza stoo ya chanjo.

"Shikamoo mzee, usinipotezee hesabu, mia nne na kumi," akasema.

"Marahaba. Kuna kitu kimekwama?"

"Mimi? Mimi leo niko vizuri ajabu. Nimeamka na mkono mwepesi. Kwa kawaida mpaka king'ora kinalia ninakuwa nimemaliza rafu mbili. Leo niko ya nne na hakijalia!"

"King'ora gani?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nje ya mlango, ukutani, palikuwa na kisanduku cheupe chenye taa ya kijani na matundu ya kutolea sauti. Akanieleza huku akihesabu. Mlango huu uliwahi kumfungia ndani mwaka wa kwanza, tangu hapo haingii bila tofali. Mlango ukikaa wazi dakika saba, kisanduku kinapiga kelele. Yeye huzitumia kelele zile kama saa. Zikilia, anatoka, anafunga, anakunywa chai, anapasha vidole, anarudi.

"Na leo umeanza saa ngapi?"

Akafikiri. "Niliona saa saba na nusu ukutani."

Simu yangu ilisema saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Nikaangalia kipimajoto kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: MBILI HADI NANE TU. Mshale ulikuwa umeipita saba.

"Dada yangu," nikamwambia, "toka ufunge mlango."

"King'ora hakijalia, mzee."

"Ndiyo maana."

Alinitazama kama nimepungukiwa, lakini akatoka. Akalisukuma tofali kwa mguu, mlango ukajibana. Alipotaka kushika kikombe chake vidole vikakataa kukunjika. Tukasimama tunautazama mshale mpaka uliposhuka kidogo na kukaa sita.

Nikaanza kuufuata waya. Ni tabia yangu, nikiona waya au mto nataka kujua unakwenda wapi. Ulitoka kwenye kipimajoto, ukapita juu ya fremu, ukakutana na mwingine uliotoka kwenye king'ora, zikaingia pamoja kwenye tundu la ukuta. Hapo kwenye tundu palikuwa na kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi, wino umefifia. Nikawasha tochi ya simu. Kumi na mbili.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kiwanda cha sabuni, kwenye boila. Ilikuwa na filimbi ya mvuke. Msukumo ukizidi, inapiga kelele za kutoa watu vitandani. Mnyapara wetu alikuwa mtu wa kusinzia mchana, akaisokomeza kitambaa. Wiki nzima tulisifu utulivu, mpaka siku ya nane, ukuta wa nyuma ulipoondoka wote na kwenda kulala barabarani. Namshukuru Mungu ilikuwa saa ya chakula.

Nikarudi chumba cha seva mbio, kwa mbio za umri wangu.

Nilimkuta Fundi Nyaya ana bisibisi mkononi, amekwisha fungua skrubu mbili za Bi Mkubwa. Mpwa wangu alikuwa anaandika, uso umemlegea kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mkurugenzi amepiga mwenyewe," akasema. "Nimemwambia mpaka sasa hakuna aliyelia. Amesema basi, chomoa, andika ripoti, Jumatatu tuwe safi. Mjomba, nimepona!"

"Kuna uliyemsikia akilia?" akauliza Fundi Nyaya.

"Hapana," nikasema. "Lakini mnasikiliza nani? Mnangoja mwingine alie. Kama kazi yake yeye mwenyewe ni kulia, je?"

Bisibisi ikasimama.

Nikawasimulia stoo ya chanjo, mlango, mshale, kijikaratasi. Nilipomaliza mpwa wangu akaiangalia ripoti yake kwenye skrini, mistari mitatu tu ilibaki. Nikajua anachokiwaza, maana nilikuwa nakiwaza na mimi. Angeweza kuituma. Stoo ingekaa kimya miezi, labda mwaka, mpaka siku jokofu lenyewe lingeharibika na asiambiwe mtu, na wakati huo nani angekumbuka Jumamosi hii?

Fundi Nyaya akakohoa. "Tunaweza kusema tu kwamba—"

"Funga skrubu," mpwa wangu akasema. Akafuta ripoti, akampigia mkurugenzi.

Tulisikia upande wake tu. Ndiyo, mzee. Hapana, nilikosea. Anatumika. Stoo ya chanjo. Ndiyo, namwekea kiraka leo. Ndiyo, naikumbuka barua. Akaiweka simu kifudifudi mezani.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema saa kumi anataka jibu moja, na nimwambie mwenyewe kama ni zuri au baya."

Akavuta kiti. Na hapo nikaona raha ya ile kazi, maana mtu aliyejua anachokitafuta hakuwa yule aliyekuwa anatafuna kifuniko cha kalamu. Asubuhi nzima alikuwa ametazama orodha ndefu ya vitu vinavyofanya kazi ndani ya Bi Mkubwa, mamia, vyenye majina yasiyo na kichwa wala miguu. Sasa alikuwa anatafuta kitu kimoja kinachosikiliza kipimajoto. Alikipata kwa dakika kumi na tano.

"Njoo uone, mjomba. Hiki hapa. Kiprogramu kidogo, alikiandika mwenyewe yule aliyenitangulia. Na tazama kimewashwa lini."

"Siku elfu mbili mia moja na tisa zilizopita."

"Kwa mkono. Alikaa hapa, akakiwasha kwa mkono, akaenda zake. Hakuiambia mashine ikiamka ikiwashe. Unaelewa? Ningemwasha upya Bi Mkubwa, angeamka vizuri kabisa, taa zote kijani, ila hiki kisingeamka. Na nisingejua."

"Kwa hiyo kumchomoa kosa, kumwasha upya kosa."

"Na yote mawili hayapigi kelele," akasema, na karibu acheke.

Alinakili kila kitu kwanza, akapeleka nakala mahali pengine, akahakikisha nakala inafunguka. Halafu akaandika amri ya mistari minane inayomwambia Bi Mkubwa kwamba akiamka tu, kabla ya jambo lolote, akiamshe kiprogramu kile. Akaisoma kwa sauti. Fundi Nyaya naye akaisoma, akapata nukta iliyokosekana, na hakumtania. Kiraka kikapita kwenye kebo ya njano, kikajifungua, kikajipanga. Saa tisa na dakika ishirini alikuwa na kidole juu ya kitufe.

"Bi Mkubwa," akasema Fundi Nyaya, "utusamehe."

Akabonyeza.

Feni ya Bi Mkubwa ikashuka sauti, ikashuka, ikanyamaza. Seva nyingine kumi na tatu ziliendelea kuvuma, lakini sikio langu lilisikia pengo. Skrini nyeusi. Dakika moja. Tatu. Fundi Nyaya alikuwa anafunga na kufungua kifungio kimoja cha plastiki. Mpwa wangu alikuwa amekunja mikono kwapani na anaitazama skrini. Dakika ya sita zikatokea herufi, zikakimbia, zikasimama. Ya tisa zikakimbia tena. Ya kumi na moja likaja swali la paswadi, naye akaiandika akakosea, akaiandika tena.

"Kimeamka," akasema. "Kiprogramu kimeamka. Kijani. Kila kitu kijani."

Na pale penye siku elfu mbili mia moja na tisa paliandikwa sifuri.

"Tumpigie bosi?" akasema Fundi Nyaya.

"Bado. Kijani nimeiona mimi. Nataka kukisikia kikilia. Mjomba, rudi stoo."

Safari hii nilijua baridi ya kule, nikachukua kofia yangu kwenye mpini wa kabati, nikaivaa, nikatoka. Kitu kilidondoka nyuma yangu, sikugeuka.

Mtunza stoo alikuwa ananingoja. Habari ilikuwa imemfikia, na mkono wake mwepesi ulikuwa umempotea pamoja na furaha yake. "Dakika kumi," akaniambia. "Chanjo za watoto hizi. Ikifika ya kumi nafunga, king'ora kimelia hakijalia, na nahamishia kila kitu kwenye masanduku ya barafu leo leo, na nitaandika kwa nini."

"Haki yako."

Akafungua mlango, akaweka tofali. Nikampigia mpwa wangu, nikaiacha simu sikioni. Tukasimama wawili tunakitazama kisanduku cheupe, kama watu wanaongoja kuku atage.

Dakika ya tano. Ya sita. Ya saba.

"Kinalia?" mpwa wangu akauliza.

"Bado."

"Labda saa yako imekimbia."

Ya nane. Mama wa stoo akanitazama, akautazama mshale.

"Mjomba?"

"Bado, mwanangu."

Nilimsikia anagonga vitufe. "Kijani. Huku kila kitu kijani! Kiko hai, kinafanya kazi, kinasubiri kipimajoto kiseme, na kipimajoto hakisemi kitu. Kwa nini hakisemi?" Sauti yake ilikuwa imepanda na kuwa nyembamba, ile ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka saba, alipoupoteza ufunguo wa nyumba.

Ya nane na nusu. Baridi ilikuwa inanila masikio. Nikanyanyua mkono nivute kofia ishuke, na mkono uliposhika sufu ukabaki pale pale juu.

"Mwanangu," nikasema, "ile kebo ya bluu iko wapi?"

Sikumngoja anijibu.

"Fundi aliisokomeza kwenye kofia yangu. Kofia ninayo kichwani."

Nikasikia kiti kikianguka. Nikasikia mpwa wangu akisema neno ambalo dada yangu hakumfundisha. Nikasikia Fundi Nyaya akisema, "Mama yangu, iko sakafuni!" halafu ule mlio mdogo wa kijiti.

Taa ya kisanduku cheupe ikabadilika, ikawa nyekundu. Halafu kisanduku kikalia.

Sijawahi kusikia kitu kibaya vile nikakipenda. Kilipiga kelele za kukwaruza, za juu na chini, zikaijaza korido, mlinzi akaja mbio akiwa na kirungu. Mama wa stoo aliziba masikio kwa skafu, akalipiga tofali teke, mlango ukafunga, kelele zikakatika.

"Haya," akasema, akiimimina chai yake. "Saa yangu imerudi. Na zile rafu mbili za ziada nitazihesabu upya, sasa nitaziaminije?"

Simu ilikuwa bado sikioni. Nikamsikia mpwa wangu anapuliza pua.

"Mjomba."

"Naam."

"Zile seva nyingine zinakuwa na kebo moja. Hii ya njano ndiyo iliyonidanganya. Ningetoka humu nikamwambia yule mzee kila kitu kijani."

"Ungemwambia."

"Usimwambie mama."

Saa kumi kasoro dakika tano alimpigia mkurugenzi. Alimweleza kiraka kimewekwa, king'ora kimejaribiwa, kimelia. Alimweleza na ile kebo pia, bila kuulizwa, na mimi niliona Fundi Nyaya akifumba macho. Mkurugenzi akauliza kama seva hiyo ina maandishi yoyote ya kueleza kazi yake, ili siku nyingine asiambiwe haina kazi. Mpwa wangu akasema yatakuwepo kabla hajatoka. Mkurugenzi akasema vizuri, na Jumatatu aje na chai yake mwenyewe kwa sababu wakaguzi humaliza ya ofisi. Ndiyo yakaisha hivyo. Barua haikuongezeka.

Maandishi yaliandikwa kurasa mbili kwenye kompyuta, na lebo moja kubandikwa usoni kwa Bi Mkubwa. Lebo niliandika mimi, kwa sababu Fundi Nyaya mwandiko wake ni wa kuku. STOO YA CHANJO. HUPIGA KING'ORA. KILA UKIMWEKEA KIRAKA, NENDA UKAFUNGUE MLANGO, NGOJA DAKIKA SABA. Nikataka kuongeza habari ya kofia, nafasi ikaisha.

Walipokuwa wanakusanya vyombo nikapitisha macho kwenye kabati lote, lebo kwa lebo. Mapokezi. Dawa. Picha. Maabara. Kwenye ya saba lebo ilikuwa imechanika, imebaki herufi moja, na taa yake moja ilikuwa ya njano inayowaka na kuzima polepole, tofauti na wenzake wote.

"Na huyu wa saba," nikasema, "yeye kazi yake ni nini hasa?"

Mpwa wangu na Fundi Nyaya wakatazamana.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, akinishika bega na kunielekeza mlangoni, "twende nyumbani."

Lakini niliona, kabla hajazima taa ya chumba, naye aligeuka akaitazama.